Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Kidato cha nne cha saa tisa alasiri

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: VIJANA WANAOMALIZIA SEKONDARI KWA NJIA MBADALA

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Katoro, mkoani Geita. Najua barua nyingi za walimu zinazofika mezani kwenu ni za madaraja, malimbikizo na uhamisho. Hii si ya hayo, ingawa hayo nayo hayajaisha.

Nafundisha Hisabati na Kemia katika sekondari ya kata. Asubuhi nina wanafunzi wenye sare. Saa tisa alasiri, wale wakishatawanyika, darasa lilelile linajaa watu wengine: mama kijana aliyeachia kidato cha tatu, dereva wa bodaboda na helmeti yake mkononi, mwingine katoka machimboni Rwamgasa na vumbi la karasha bado limo kwenye nyusi. Wote wanatafuta cheti cha kidato cha nne. Kwa lugha ya Wizara hii ni elimu ya sekondari kwa njia mbadala. Mtaani wanaiita QT tu, yaani Qualifying Test, mtihani wa maarifa unaotangulia ule wa kidato cha nne, hata kwa asiyefanya mtihani huo. Nami kuanzia saa hiyo siitwi tena mwalimu, naitwa mwezeshaji.

Nakuandikia hadharani kwa sababu moja. Sera ya Elimu na Mafunzo, ile ya 2014 toleo la 2023 iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, inasema elimu ya lazima ni miaka kumi, yaani mpaka kidato cha nne. Kwa sera hiyo kituo cha alasiri hakiwezi kuendelea kuhesabiwa kuwa fadhila wanayofanyiwa walioshindwa. Ni shule. Naomba kihudumiwe kama shule, kwa fedha na kwa haki, na kiruhusiwe jambo ambalo shule ya asubuhi haiwezi kulifanya: kupanga saa zake kwa kufuata maisha ya wanaosoma.

Niseme kwanza yaliyofanyika, maana si haba. Kwa miaka mingi binti aliyepata mimba alifukuzwa, na Juni 2017, kule Chalinze, Rais wa wakati huo alitamka wazi kwamba katika uongozi wake mwenye mtoto hatarudi shuleni. Zanzibar walikuwa wakiwarudisha mabinti wao tangu 2010, kwa hiyo ndani ya Jamhuri moja binti wa Unguja alirudi darasani na wa Geita akabaki nyumbani. Novemba 2021 Wizara yako ikaruhusu warudi, ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 unaowahusu wote waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo. Tuliposomewa habari hiyo ofisini, walimu wa kike walipiga vigelegele. Mwenzetu mmoja akauliza watakaa madawati gani, akaambiwa anyamaze, na swali lake halijajibiwa mpaka leo.

Mwongozo uliofuata unampa anayetaka kurudi miaka miwili. Kwenye karatasi inatosha. Lakini mtazame binti aliyejifungua akiwa kidato cha tatu. Akirudi anakutana na mstari wa asubuhi uleule, sare ya kushona upya, viatu, michango ya chakula, na mtoto ananyonya. Mwenye mama au bibi wa kumshikia mtoto anarudi, na nimewafundisha wa aina hiyo waliofaulu kuliko wenzao wengi. Asiye naye anakaanga maandazi stendi mpaka miaka miwili inapita, bila hata kujua kwamba kulikuwa na miaka miwili. Huyo ndiye anayekuja kwangu saa tisa.

Halafu kuna wavulana, ambao katika habari hizi husahaulika mpaka wakamatwe. Hapa kwetu dhahabu inawaita mapema. Wengine hawakuitwa na dhahabu, waliondolewa. Wizara imekwisha kukemea shule zinazomfukuza mtoto kwa kutofikisha wastani wa shule, lakini zipo namna za kumwondoa mtoto bila barua. Mzazi anaitwa, anakaribishwa kiti, anaambiwa kwa upole: huyu mtafutie kituo, hapa atatuharibia matokeo. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya 2022, na lilifanya vyema. Ila tabia ya kulinda wastani haikuondoka na tangazo.

Mradi wa SEQUIP, wenye mkopo wa dola milioni 500 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia Machi 2020, umewawezesha wasichana waliokatiza masomo kusoma bure katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Nimeona faida yake kwa macho. Wameingia mabinti ambao nisingewaona kamwe, wakapewa na vitabu. Lakini ulikuwa mpango wa wasichana. Kijana wa kiume anayekaa dawati la nyuma analipa mwenyewe. Na mradi, kwa asili yake, una tarehe ya kufungwa. Sekondari ya kata haina.

Hapo kwenye kulipa nina neno. Serikali ilipofuta ada mwaka 2016, ilibeba Sh 20,000 alizokuwa akilipa mwanafunzi wa kutwa kwa mwaka, juu ya ruzuku ya uendeshaji ambayo kiwango chake ni Sh 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Fedha hiyo inamfuata mwenye sare. Akishavuliwa sare, haimfuati. Kijana yuleyule, wa nyumba ileile, anayesomea chumba kilekile, mara akiingia kwa mlango wa saa tisa anaanza kulipa ada ya kituo, ada ya mtihani na hela ya kuchapa moduli. Maskini aliyeweza kudumu darasani anasomeshwa, na aliyeshindwa kudumu kwa sababu ya umaskini huohuo anatozwa. Sidhani kama kuna mtu Mtumba aliyekaa akaamua iwe hivyo. Imetokea tu, na kwa kuwa imetokea tu, hakuna anayejiona ana wajibu wa kuiondoa.

Sasa nije kwenye saa zenyewe, maana ndiko ninakoumia zaidi.

Saa tisa alasiri ilichaguliwa kwa sababu mbili: madarasa yanakuwa wazi, na walimu bado tupo. Hakuna aliyewauliza wanaosoma. Bodaboda hapa huchangamka alfajiri, halafu tena kuanzia saa kumi jioni watu wanapotoka sokoni. Vijana wengi si wenye vyombo, wanaendesha kwa hesabu: Sh 7,000 au 8,000 kwa siku ziende kwa bosi, mafuta juu ya dereva, pancha juu ya dereva. Kipindi cha saa tisa mpaka saa kumi na mbili kinakula saa zake nzuri kuliko zote. Kwa hiyo Jumatatu anakuja. Jumanne haji. Jumatano anakuja amechelewa, simu inaita nikiwa katikati ya logi, anaipokea kwa kunong'ona, anainama kana kwamba akiinama sitamwona, anatoka. Nasikia pikipiki ikiwashwa chini ya dirisha. Jirani yake anavuta daftari la mwenzake na kuanza kumwandikia noti mwandiko wa kukimbia, na wala hajaombwa.

Muuza maandazi, yeye, biashara yake inaisha saa nne asubuhi. Kuanzia hapo mpaka saa nane yuko huru, mtoto kalala. Saa tisa mtoto ameamka, na jioni kuna unga wa kuandaa kwa ajili ya kesho. Anakuja naye. Watoto wawili watatu huwa wanatambaa chini ya madawati, wanaokota vipande vya chaki na kuvila. Nimeacha kuwakataza. Mchimbaji ndiye mgumu kuliko wote kumpangia. Duara, yaani shimo la dhahabu, likianza kutoa mawe mazuri haonekani mpaka yaishe, kisha anarudi kituoni akiwa na hela ya kulipa madeni yote na ameachwa sura mbili nyuma.

Mwaka jana tulijaribu jambo. Tuliongea darasani, kila mmoja akasema siku yake inavyokwenda, tukapanga ratiba mpya. Hisabati ikahamia Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na abiria wakiwa wachache. Akina mama wakapata kipindi cha saa nne asubuhi chini ya mwembe nyuma ya jiko, nikitumia nafasi zangu za katikati ya vipindi. Wachimbaji tukawaandikia kazi za kwenda nazo na kurudi nazo, na mmoja aliyerudi na daftari lililoloa tope alikuwa amefanya maswali yote. Watu wakaanza kuonekana. Kijana wa boda ambaye nilikuwa nimeshamtoa akilini akakaa vipindi vyote vya Jumapili muhula mzima.

Kisha akaja mthibiti ubora. Hakuwa mtu mbaya. Alikagua, akasifu maandalio ya masomo, akaandika kwamba kituo kinaendeshwa nje ya saa zilizoidhinishwa, na kwamba mwalimu wa asubuhi hatakiwi kuonekana akifundisha watu wasio wa shule saa za kazi. Kwa kanuni alizopewa alikuwa sahihi. Tukarudi saa tisa. Kijana wa Jumapili hakurudi nasi.

Mheshimiwa, sikulalamikii mkaguzi. Nakulalamikia kanuni, kwa sababu kanuni unaweza kuibadilisha wewe. Kituo cha njia mbadala kipimwe kwa mambo ambayo kwayo kipo: je, vipindi vinavyotakiwa kwa mwaka vimefundishwa, je, wanaosoma wanaendelea kuwepo, je, wanafika kwenye mtihani. Vimefundishwa saa ngapi na chini ya paa gani, waachiwe kituo na bodi ya shule. Na saa ninazowafundisha hao zihesabiwe kuwa kazi yangu, si hisani inayofanywa kwa kujificha.

Kuhusu maabara nitasema kwa kifupi, maana inanitia hasira. Inafungwa mchana, funguo zinaondoka na mwenye dhamana, na vifaa ni vya "wanafunzi". Kemia ya saa tisa naifundisha kwa kuchora bureti ubaoni. Ndiyo maana watu wangu wengi wanaishia kwenye Historia, Uraia na Kiswahili, hata yule ambaye kazi yake ya mchana ni kuchenjua dhahabu na ambaye anajua habari za zebaki kuliko kitabu changu.

Mtihani nao una saa zake. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari na ukifika mwisho wa Machi, hata kwa faini, umekwisha. Mtihani ni Novemba, mara moja kwa mwaka. Binti anayepata ujasiri wa kubisha hodi kituoni mwezi wa nne lazima asubiri mwaka unaofuata asajiliwe, na akae mtihani Novemba ya mwaka huo. Ni miezi kumi na tisa. Kama anaanzia QT, ongeza mwaka mwingine. Kijana wa miaka kumi na minane aliyekwisha kuiacha shule mara moja, ukimwambia subiri miezi kumi na tisa, umemwambia kwaheri. Na mtoto wake akiugua asubuhi ya karatasi ya Kiingereza, somo hilo ni mpaka Novemba nyingine. Afrika Kusini wana msimu wa pili wa mtihani wa kumaliza sekondari, Mei na Juni, na tangu 2016 wana mpango maalumu wa kuwasaidia wanaorudia. Sisi Mei tayari tuna vituo vilivyofunguliwa, wasimamizi na askari kwa ajili ya kidato cha sita. Sisemi ni rahisi. Nasema mitambo ipo.

Kuna na hili ambalo wazazi wengi hawalijui. Mwanafunzi wa shule anaingia kwenye mtihani wa kidato cha nne akiwa na alama za tathmini endelevu, 30 kati ya 100. Wa kwangu anahesabiwa kwa mtihani peke yake. Kazi zote alizofanya kwa mwaka mzima, daftari la tope likiwemo, hazina mahali pa kuandikwa. Kama kituo kimesajiliwa na kinathibitiwa ubora, kwa nini alama zake zisiaminiwe?

Wapo watakaosema masomo ya saa huria yatashusha kiwango, kila mtu atasoma anapojisikia. Nawaelewa, nina wenzangu ofisini wanaosema hivyo. Ila nchi hii ilikwisha kufanya jambo kubwa kuliko hili, na kwa vifaa duni kuliko simu zilizomo mifukoni mwa vijana wangu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kijiji kwa kijiji, wakisoma na kujadili na kisha kwenda kuchimba vyoo. Wakulima hawakuitwa wawe darasani saa moja na nusu asubuhi, masomo yaliwafuata waliko. Miaka miwili baadaye, 1975, ikatungwa sheria ya kuifanya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ijitegemee. Mwaka huohuo vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, wazo ambalo Mwalimu alilichukua Sweden. Leo viko 54, viko chini ya Wizara yako, na katika baadhi yake, kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, mama kijana anasomea sekondari na ufundi huku mtoto wake akilelewa mita chache kutoka darasani. Chumba kimoja, mlezi mmoja anayelipwa, uji. Ukitaka kujua kwa nini mabinti wa huko wanadumu na wangu wanapukutika, usiunde tume, kaone hicho chumba.

Narudi kwenye ile miaka kumi, kwa sababu inakuja na tatizo ambalo sijasikia likisemwa. Mwishoni mwa 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Shule ambazo hazitakuwa na madarasa ya kutosha zitatafuta nafasi, na nafasi iliyo karibu kuliko zote ni vyumba vya alasiri. Watu wangu hawana mkutano wa wazazi wala kamati ya kuwasemea. Wataambiwa watupishe. Itakuwa ajabu ya mwaka: tunakifanya kidato cha nne kuwa lazima, na papo hapo tunawatoa nje walio tayari kukisoma kwa hiari, tena kwa fedha zao.

Hotuba ya bajeti ya Wizara husomwa bungeni Mei. Naomba katika inayokuja kiwemo kifungu chenye jina la njia mbadala, cha fedha za ndani, kisichotegemea mradi wowote kuhuishwa. Ruzuku ya mwanafunzi imfuate popote alipo kwenye miaka yake kumi, avae sare au apron, awe wa kike au wa kiume. Kanuni ya saa ifutwe kwa vituo. TAMISEMI iagize kwamba chumba cha alasiri na ufunguo wa maabara ni mali ya wanafunzi wote wa shule hiyo. Penye akina mama kumi, pawe na mlezi mmoja. La mtihani wa pili najua linahitaji muda na fedha, kwa hiyo nitaridhika kwa sasa kama Baraza litasogeza mwisho wa usajili uwe mwezi wa sita.

Kabla hujaamua, tuma wataalamu wako waje. Wasije na barua ya ziara, maana tutawapangia watu wa kuonekana. Waanzie stendi saa nne asubuhi, kwenye meza za maandazi, waulize nani aliishia kidato cha tatu. Kisha wapite vijiwe vya bodaboda, kila kijiwe wataonyeshwa wawili au watatu. Wakimaliza waje kituoni saa tisa, wapitie daftari la mahudhurio, walinganishe majina.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa asubuhi, mwezeshaji wa alasiri,
Katoro, Geita.

Nakala:
Waziri wa Nchi, TAMISEMI
Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania
Mkuu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima
Wenye bodaboda wa Katoro wanaodai hesabu hata siku ya mtihani